Ugomvi wa Kimathi na Mathenge usifichwe vijana

Kila Februari 18, siku aliyonyongwa Dedan Kimathi, na kila Siku ya Mashujaa, hotuba huwa ile ile: Kimathi na wenzake wa Mau Mau waliingia msituni wakiwa kitu kimoja na wakafa wakiwa kitu kimoja. Vijana wa hapa Wamagana, Tetu, huisikia huku milima ya Nyandarua ikionekana upande wa magharibi, kisha hurudi kwenye urafiki wao wenye wivu, madeni, mapenzi yaliyogongana na siku za kununiana, wakidhani wao ndio kizazi cha kwanza kushindwa kupatana. Tunawadhulumu.

Dedan Kimathi, mzaliwa wa hapa Tetu mwaka 1920, na kiongozi mwenzake Stanley Mathenge wa Othaya walitoka katika jamii inayowahesabu waliotahiriwa msimu mmoja kuwa ndugu hadi kufa. Msituni waliishi maisha ambayo leo ukiyasimulia utadhaniwa unaota: miaka ya baridi na mvua chini ya mianzi, ndoto za usiku zikipokewa kama ujumbe wa Mungu, mienendo ya wanyama ikisomwa kama onyo. Mapenzi nayo hayakubaki kijijini. Viongozi walibishana sana kuhusu wanawake kambini. Karari Njama, mwalimu aliyekuwa huko pamoja nao, aliyaeleza haya waziwazi katika kitabu alichoandika na Donald Barnett mwaka 1966. Ila kilichowatenganisha marafiki hawa zaidi, kwa maoni yangu, ni kalamu. Kimathi alikuwa amesoma, na alithamini kumbukumbu, barua na vyeo. Mathenge hakuwa na elimu hiyo, na wengi waliokuwa kama yeye waliona kwamba waliosoma wamewakalia. Kufikia 1955 wapiganaji walikuwa wamegawanyika katika makundi mawili, Kenya Parliament upande wa Kimathi na Kenya Riigi upande wa Mathenge, na mazungumzo ya kusalimu amri ya mwaka huo yakaupanua ufa.

Wapo watakaosema kwamba kuyafukua haya ni kuwavua nguo mashujaa na kumpa adui silaha. Nauelewa uchungu wao, lakini adui huyo alijua kila kitu zamani. Ian Henderson, ofisa wa polisi wa mkoloni, na wenzake waliwachukua wapiganaji waliokamatwa au kujisalimisha, wakawarudisha msituni kuwasaka wale waliokula nao chungu kimoja. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, na kunyongwa Kamiti miezi minne baadaye. Serikali ya mkoloni ilizijua nyufa zote za urafiki ule. Wasiozijua ni watoto wetu. Wala shujaa hapungui kwa kujulikana kwamba aligombana na mwenzake. Anayepungua ni kijana anayeacha rafiki wa miaka mingi kwa ugomvi mmoja, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa watu wakubwa waliokosana huku wakiendelea kupigania ardhi ile ile.

Mathenge alitoweka 1955, na ikavuma kwamba alielekea Ethiopia. Mwaka 2003 mzee mmoja akaletwa kutoka huko na kupokewa kwa heshima kama Mathenge mwenyewe, mpaka vipimo vya DNA vikaonyesha siye. Wengi waliwacheka waliokwenda uwanja wa ndege kumpokea. Mimi naona watu waliosubiri miaka 48 mtu arudi amalize maneno na wenzake. Kimathi alipata sanamu Nairobi mwaka 2007, akisimama peke yake.