Kiharusi Si Upepo



Katika mambo yatusikitishayo mitaani mwetu ni hili: mtu huamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, na jamaa zake, badala ya kumkimbiza hospitali, humwita mganga, kwa itikadi kwamba amepigwa na upepo. Huchinjwa mbuzi, huandikwa makombe, na zile saa chache ambazo tabibu angaliweza kumfaa hupita bure.

Kiharusi ni mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka, na sababu yake kubwa ni presha ya damu. Maradhi haya hayana kelele. Mtu hutembea nayo miaka asihisi kitu. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikutwa nayo, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa kamwe.

Wako waambiwao wanayo, kisha wakasema, "Tumetawakali." Twawajibu: Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kama watu wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Basi kutawakali ni kumeza kidonge na kumtegemea Mola, wala si kukiacha. Na aachaye dawa kwa kuwa ajiona mzima, na ajue kuwa uzima huo Mola amemjaalia kwa sababu ya dawa ile ile. Na apunguze chumvi, hasa ya papa, ng'onda na achari. Na kabla ya Ramadhani amuulize tabibu saa za kumeza dawa zake, asizikate kwa rai yake.

Lakini twajua kuwa yuko maskini amezaye leo akaruka kesho, ili watoto wapate unga. Huyo hatumlaumu, lawama ni yetu sisi tupikao pilau za hitima kwa maelfu ya shilingi, na jirani yetu hana pesa za vidonge vya mwezi mmoja. Zaka ni haki yake, si hisani yetu. Na kila msikiti waweza kuweka sanduku la sadaka kwa wagonjwa, na kipimo cha presha baada ya sala ya Ijumaa. Hayo ni bora kuliko kungoja kumlisha watu matangani kwake.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.