Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Bolti ya Juu



Ndugu zangu waumini, leo tuingie gereji kidogo. Mvua zikishika huku kwetu Ruhembe, miwa haibebeki, na magari mengi hukaa juu ya mawe yakisubiri fundi. Vijana wetu wanafunga huku wamelala chini ya gari. Maneno haya ni yao kwanza, kisha ni yetu sote.

Fundi anashusha giaboksi abadilishe klachi. Bolti za chini na za pembeni zimetoka vizuri. Imebaki moja ya juu kabisa, ile ambayo huioni, unaifikia kwa kupapasa. Imeshika kutu. Spana imechoka, au ni ya 14 kwenye bolti ya 13. Inateleza mara moja, mara mbili, kichwa kimeliwa. Saa kumi na moja jioni, koo limekauka, na mwenye gari anapiga simu kwa mara ya tatu.

Hapo ndipo saumu inapopimwa.

Njia ya haki mafundi wanaijua. Unasugua kutu kwa brashi ya waya, unaweka mafuta ya kulainisha, unaiacha inywe. Unakigonga kichwa taratibu ili kutu ishtuke. Unatafuta soketi ya pande sita, maana inashika ubavu wa bolti; ya pande kumi na mbili inashika kona, na kona zimeshakwisha. Ikikataa, unapiga tindo pembeni kuelekea upande wa kulegeza. Ikikataa kabisa, na pakiwa na nafasi ya kufika, unatoa waya wa betri, unafuta mafuta yote, unachomelea nati juu yake. Joto linalegeza kutu, na spana inapata pa kushika. Halafu unanunua bolti mpya inayolingana nayo.

Hiyo ni kazi ya saa nzima, pengine mpaka kesho.

Njia ya mkato nayo ipo. Unakata kichwa, unashusha giaboksi, na wakati wa kurudisha unaliacha tundu tupu. "Si ziko nyingine? Zitashika." Nani ataona? Lakini giaboksi inayokosa bolti hutikisika, zilizobaki hulegea moja baada ya nyingine, na ganda lake linaweza kupasuka. Wewe umeshalipwa, umeshafuturu. Mwenzako yuko mlima Kitonga na abiria.

Hebu jiulize, kwa nini hukunywa maji mchana? Ungeweza kuingia ndani, ukanywa, ukatoka unafuta mdomo, na hakuna ambaye angejua. Hukunywa kwa sababu unajua Allah anakuona. Basi anayekuona kwenye mtungi ndiye huyo huyo anayeliona tundu la bolti ya juu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyeacha uongo na matendo yake, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji.

Na siku moja sokoni alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tazameni: mvua haikuwa kosa la yule muuzaji. Kosa lilikuwa kuficha. Na bolti kuliwa kichwa si dhambi, jamani, ni kutu. Mpigie mwenye gari, mwambie: "Bosi, bolti moja imegoma, gari halitoki leo."

Na wewe mwenye gari, ukiambiwa hivyo usifoke. Ukimlazimisha fundi amalize kabla ya adhana, umemsukuma kwenye njia ya mkato. Mpe muda, na mlipe bolti yake na jasho lake.

Wengine tusio mafundi tuna bolti zetu za juu: mizani ya dukani, madaftari ya wanafunzi, hesabu za kikundi. Kazi ya leo: chagua moja ambayo hakuna anayekukagua, uitengeneze kabla ya kufuturu.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu, wahifadhi walio njiani, na utupe uaminifu pale tusipoonekana na watu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na fundi wako.