Joto la Siku Isiyo na Shahidi

Ukitaka kujua Matondoni kulikuwa na joto kiasi gani tarehe 15 Februari 1940, jibu lipo. Kuna tovuti zitakupa joto la juu, joto la chini, kasi ya upepo, unyevu wa hewa, hata mawingu yalifunika sehemu gani ya anga saa nane mchana. Na si nambari za mviringo, zina desimali. Ukitaka 1941, ipo. 1963, mwaka wa uhuru, ipo. Unashuka nazo hivyo hivyo, Februari zaidi ya themanini, bila pengo hata moja.

Kwa asiyeijua, Matondoni ni kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Ni kwa mafundi wa majahazi na wasukaji wa mikeka. Kituo cha hali ya hewa kiko Lamu, na kutoka Matondoni hadi mjini ni safari ya haja kwa miguu, au upande punda, au usubiri maji yajae uende kwa chombo. Sasa nani alisimama pale ufuoni mwaka 1940, vita vya dunia vikiendelea, akasoma kipimajoto hadi desimali?

Hakuna. Nambari hizo zimepigwa hesabu. Kule Ulaya kuna kituo cha utabiri wa hali ya hewa kilichotengeneza hazina inayoitwa ERA5. Wamekusanya vipimo vya kale vya kila aina, vya vituo vya nchi kavu, vya meli, vya maputo, na baadaye vya setilaiti, wakaviingiza kwenye kompyuta inayojua kanuni za hewa na bahari. Pale pasipo na kipimo, kompyuta hujaza. Dunia nzima imegawanywa kwenye miraba ya kama kilomita 31 kila upande, saa kwa saa, kuanzia 1940. Mraba mmoja wa hiyo unaimeza Lamu mzima, na nafasi inabaki ya kumeza bahari. Matondoni ni nukta ndani yake.

Najua haya kwa sababu nililipwa kuyaandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea takwimu, karo iliposhindikana, na tangu hapo naandika chochote mtu anachokilipia. Mteja mmoja alitaka kurasa za wasafiri: siku fulani ya kiangazi, mahali fulani, miaka iliyopita. Kila ukurasa ulitakiwa uwe na maneno "joto lililorekodiwa". Mimi nikaandika "joto linalokadiriwa". Zikarudi zimebadilishwa. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa kwamba msomaji akiona "linakadiriwa" anaondoka.

Labda utasema, kwani kuna tofauti gani? Mgeni anataka tu kujua abebe koti au asibebe. (Asibebe.) Na makadirio yenyewe si ya kubahatisha. Februari ni kaskazi, jua kali, mvua haba. Mtu yeyote wa pwani angekwambia hivyo bila kompyuta. Sina ugomvi na hesabu. Ugomvi wangu ni na kitenzi. Kurekodi ni kazi ya mtu aliyekuwepo. Ukisema kitu kilirekodiwa, umesema kuna jicho liliona na mkono ulioandika. Umetaja shahidi, na shahidi hayupo.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia kwisha, tunabishana: mwezi umeandama au haujaandama? Wanajimu wanaweza kukwambia miaka kumi kabla mwezi utakuwa wapi angani jioni ile, na hawakosei. Bado kuna watu wazima wanaotoka jua likizama, wakatazama magharibi, wakataka kusikia jina la aliyeuona na mahali aliposimama. Nilipokuwa mdogo niliona ni ukaidi tu. Sasa naona wanatofautisha vitu viwili ambavyo simu zetu zimevichanganya: kujua mwezi uko wapi, na kuuona. Lipi lifungulie saumu, hilo waulizwe mashekhe. Lakini hata anayefuata hesabu hasemi ameuona.

Tena hata kipimo halisi kina lake. Kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye matundu ya hewa, kivulini, juu ya ardhi kama mita moja na nusu. Wamechagua kivuli makusudi, ili vipimo vya Lamu na vya London viweze kulinganishwa. Ni sawa. Ila fundi anayekalafati jahazi saa saba mchana hayuko kivulini. Joto lake halijawahi kuingia kwenye daftari lolote.

Kinachonikera zaidi ni nani ana mashahidi na nani anajaziwa. Uingereza wana vipimo vya joto vya kila mwezi tangu 1659 na vya kila siku tangu 1772. Siku moja ya mwaka 1772 katikati ya Uingereza ina mtu aliyeiangalia. Afrika, ambako vituo ni vichache, ndiko kompyuta inakolazimika kusema zaidi. Kwenye tovuti huwezi kuliona hilo. Siku yao na siku yetu zina mwandiko mmoja, rangi moja, desimali moja. Usawa huo unapendeza macho, lakini umefuta jambo: kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeona siku zetu zinastahili kupimwa.

Kama ni watalii tu, ningeyaacha hapo. Lakini Marsabit, tangu 2010, kuna bima ya mifugo inayolipa kwa kutazama setilaiti. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima. Ukishuka chini ya kiwango, walio na bima katika eneo hilo hulipwa. Ni wazo zuri, maana haiwezekani kutuma mtu akahesabu kila mzoga jangwani. Tatizo ni pale ng'ombe wako wamekufa na eneo lako, kwa wastani, ni la kijani. Umekuja na mizoga, mwenzako amekuja na mraba. Wenye bima wenyewe wanaijua kasoro hiyo, wana hata jina lake la kitaalamu. Mfugaji alikuwepo, na kuwepo kwake hakuhesabiki. Nikifikiria hapo ndipo naona "lililorekodiwa" si neno dogo. Ukizoea kuita makadirio ushahidi, siku ushahidi wenyewe utakapokuja mlangoni, utauambia unapingana na rekodi.

Kabla ya haya yote wazee wetu walikuwa na kalenda ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea kila Julai. Nahodha alijua mwongo gani kaskazi inakata na mwongo gani kusi inashika. Haikuwa na desimali, na kwa kuwa haina mwaka mrefu, kila miaka minne inateleza siku moja mbele ya kalenda ya ukutani. Lakini ilikuwa hesabu iliyotoka kwa watu waliolowa.

Bibi yangu ni mzaliwa wa Matondoni na bado anasuka. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama vilivyo vya nusu ya wenzake, kwa sababu karani alitaka tarehe na yeye hakuwa nayo. Nilimweleza kuhusu mashine iliyo na kila siku ya Matondoni tangu kabla hajazaliwa. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Yua hilo walipima nani?" Kisha akasema, basi mtafutie siku yake.

Nikamwambia anipe tarehe. Akasema ilikuwa kusi, mwongo aliutaja, mwaka babake alioshusha jahazi la watu wa Siyu, na bahari ilichafuka chombo kikalala siku tatu ufuoni. Nilifungua simu. Palikuwa na nafasi ya siku, nafasi ya mwezi, nafasi ya mwaka.