Pampu Haikuwa na Kosa

Gari la baba lilizima kwa mara ya kwanza kati ya Ikungi na Issuna, saa nane mchana, mwezi wa kumi, wakati ambapo upepo wa Singida umeshakausha kila kitu hadi midomo ya watu. Halikugonga wala kukohoa sana. Lilipungua nguvu taratibu, kama mtu anayepanda mlima hajala, kisha likanyamaza. Nilifungua boneti nikasimama kuiangalia injini, kama tufanyavyo wote, tujue au tusijue tunachokiangalia. Baada ya dakika ishirini nilipiga selfu, likawaka kama halijawahi kuumwa, likanifikisha karibu na Mkiwa. Likazima tena.

Kabla sijafika Manyoni kwa mama, nilikuwa nimeshajua kosa ni la nani.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, milango miwili, viti viwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Wazee wa Arusha na Nairobi wakiiona huanza kusimulia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari la aina hiyo, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kufungana pointi na Harry Källström na mshindi kuamuliwa kwa kanuni. Baba alikuwa kijana, akiyafuatilia mashindano redioni, na tangu hapo akaamini kwamba hakuna gari jingine duniani. Alipolipata la kwake, kutoka kwa daktari aliyekuwa anahama Arusha, lilikuwa limeshachoka. Alilitunza hadi alipofariki. Mimi nimelirithi pamoja na sanduku la spana na tabia yake ya kukataa kuliuza.

Pampu ya mafuta ya injini ile si ya umeme. Imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, upande wa kulia, na inaendeshwa na kemshafti yenyewe: kemshafti ikizunguka, mkono mdogo wa chuma unabonyezwa, nao unavuta kiwambo cha mpira kilichomo ndani. Kiwambo kikivutwa, petroli inanyonywa kutoka kwenye tangi lililo nyuma kabisa ya gari. Springi ikikirudisha, petroli inasukumwa kwenda kwenye kabureta mbili. Vali mbili ndogo zinahakikisha hairudi ilikotoka. Ni hivyo tu. Kinachoharibika mara nyingi ni kile kiwambo: kinachanika, petroli inavujia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Ndivyo pampu ya zamani ilivyokufa, mwezi wa tisa. Fundi wangu alichomoa dipstiki, akainusa, akanipa nami ninuse. Ilinuka kama kituo cha mafuta. Hapo hapakuwa na ubishi.

Pampu mpya niliiagiza Dar es Salaam, kutoka duka la spea la Kariakoo, ikaja kwa basi. Aliyekwenda kuichukua stendi ya Misuna ni kijana wa fundi, mwenye miaka kama kumi na tisa, aliyekuwa akijifunza kazi pale gereji kwa mwaka na nusu. Ni yeye pia aliyeifunga, fundi akiwa chini ya Fuso. Mimi sikuwepo. Niliikuta imeshafungwa, boksi limeshatupwa, nikalipa nikaondoka.

Kwa hiyo lilipozima barabarani, hesabu ilikuwa rahisi. Pampu ilibadilishwa, gari likaanza kuzima. Kijana ameuza ile mpya, akanifungia kuukuu iliyooshwa kwa petroli. Na nilikuwa na sababu za kushuku, sitazificha. Mwanamke mwenye gari la zamani ni sherehe kwa magereji. Nimeshauziwa plagi zilizotumika. Nimeshalipishwa gasketi ambayo haikuwahi kufunguliwa. Halafu kuna jambo jingine, dogo la aibu: wiki ile kijana alikuwa na simu mpya.

Jumatatu asubuhi nilikwenda gereji. Palikuwa na watu. Sikusema neno "mwizi"; kwa muda mrefu nilijivunia hilo. Nilichosema ni: "Pampu yangu iko wapi?" Nikamwangalia yeye, si fundi. Kijana akasema, "Si hiyo hapo, dada, niliifunga mwenyewe." Nikacheka kidogo. Mtu mmoja aliyekaa kwenye tairi akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Fundi hakusema kitu. Jioni ile alimwambia kijana asirudi.

Hakuna aliyeipima pampu, na mpaka leo hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kipimo chake ni cha kitoto. Unachomoa waya wa koili ili injini isiwake na cheche zisiruke, unachomoa mpira unaokwenda kwenye kabureta, unauingiza kwenye chupa, mtu anapiga selfu sekunde kumi. Pampu nzima inatema petroli kwa mikupuo, waziwazi. Mbovu inalia mate tu. Pale gereji chupa za maji zilikuwa zimetapakaa chini. Tungefanya kipimo hicho Jumatatu ile, pampu ingetema, na shutuma yangu ingekufa mbele ya watu walewale walioisikia. Lakini kitu ambacho mtu ameshakijua, anakipima cha nini?

Nilinunua pampu nyingine. Nayo, wiki mbili baadaye, ikanilaza Puma. Mtu mwenye akili timamu hapo angesimama na kujiuliza. Mimi nikasema Kariakoo wameniuzia feki.

Aliyenitoa gizani ni dereva wa lori la vitunguu, mzee, aliyesimama kunisaidia njia ya Manyoni mwezi wa kumi na mbili. Hakufungua boneti kwanza. Alizunguka nyuma ya gari akaniomba ufunguo wa tangi. Alipoufungua mfuniko, tangi lilivuta hewa kwa sauti ndefu, fyuuu, kama mtu aliyezamishwa majini akaachiwa. Akanitazama. "Mwanangu, tangi lako halipumui. Mafuta yakitoka, hewa haiingii. Pampu inavuta mpaka inashindwa. Ukisimama, hewa inajipenyeza polepole, ndiyo maana linawaka tena."

Mfuniko ule niliununua mimi. Ni wa kufuli. Mwezi wa tisa jirani yangu alinyonywa mafuta usiku kwa mpira, nami nikaogopa, nikatafuta mfuniko wenye ufunguo nikaufunga mwenyewe, kwa fahari. Ule wa zamani wa baba ulikuwa na kitundu katikati, kidogo kama cha sindano. Nilidhani ni kutu. Nimeukuta kwenye sanduku la spana na kitundu ni cha duara safi: kuna mtu alikitoboa kwa keekee, pengine baba mwenyewe, baada ya mipira ya kupitishia hewa kuziba au kuoza.

Na mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nachemsha maji kidogo kwenye kopo, nalifunga, nalimwagia maji ya baridi, na wanafunzi wanapiga kelele kopo likijikunja kwa kanieneo ya hewa ya nje. Nimelifundisha jambo hili darasani miaka sita nikiwa nimeliegesha nje ya dirisha.

Wiki ile ya mwezi wa tisa, basi, vitu viwili vilibadilika kwenye gari. Kimoja kilibadilishwa na mkono wa kijana, kingine na mkono wangu. Nilipotafuta sababu nilikumbuka kimoja. Sikudanganya na sikuficha. Mfuniko haukunijia akilini kabisa, kwa kuwa tendo langu mwenyewe halikuwa na sura ya tukio. Lilikuwa sehemu ya hali ya kawaida. Ya wengine ndiyo huwa matukio.

Mwaka 1877 mwanahisabati wa Uingereza, William Clifford, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini. Mfano wake unaotajwa sana ni wa mwenye meli aliyejishawishi kwamba meli yake kuukuu ni nzima, akaipeleka baharini ikazama na abiria. Mimi ulionishika ni wa pili, ambao watu huupita. Kuna kisiwa ambacho baadhi ya wakazi wake walituhumiwa kwamba huwafundisha watoto dini yao kwa hila. Tume ikaundwa, ikakuta hawana hatia, na kwamba waliowatuhumu wangeweza kuujua ukweli huo kwa urahisi kama wangeuliza kwa haki. Kisha Clifford anageuza: tuseme tume ingewakuta na hatia. Je, wale watuhumu wangekuwa wametenda haki? Anajibu hapana. Wangekuwa na bahati tu. Hawakuwa na haki ya kuamini walichoamini kwa ushahidi waliokuwa nao.

Hapo ndipo nilipokwama, maana utetezi wangu wote ulikuwa umesimama juu ya neno "kumbe". Kumbe hakuiba. Kana kwamba angekuwa ameiba, Jumatatu ile ningekuwa mtu mwema.

Nilijaribu kubishana naye. Maisha hayana tume. Mkulima wa alizeti hapangi kupanda baada ya kuwa na hakika ya mvua. Singida angekufa njaa. Mteja hawezi kufungua kesi ndipo achague gereji. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, lakini mahakama ina muda na makarani, na mimi nilikuwa na gari limezima. Hoja hii bado naiona ina nguvu. Ningeamua tu kutorudi kwenye gereji ile, kwa wasiwasi, nisingemkosea mtu. Ningepima kwanza, au ningemuuliza kijana faragha boksi liko wapi, nisingemkosea sana. Wasiwasi wangu ulikuwa halali. Nilishadanganywa mara nyingi. Ila walionidanganya walikuwa wengine, na deni lao nilikwenda kumdai yeye, kwa kuwa alikuwa karibu, mdogo, na hana wa kumsemea. Fundi mwenye gereji nisingemuuliza vile mbele za watu. Hili najua kwa hakika.

Ile methali nayo inastahili kuogopwa kidogo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tunaitumia kana kwamba inazungumzia ukweli wa uvumi. Nimeona inavyofanya kazi: lililosemwa halikuwepo, lakini baada ya kusemwa likaja, likawa kijana asiye na kazi, anayepita Misuna na watu wanaonong'ona.

Nilimpigia fundi simu nikamweleza kuhusu mfuniko. Akacheka, akasema ndiyo maisha, madamu. Nilimwomba amrudishe kijana. Akasema nafasi ina mtu.

Kumpata kijana kulinichukua hadi mwezi wa pili. Alikuwa akibeba magunia kwenye mashine ya kukamua alizeti, si mbali na ziwa Kindai, mashudu yamemganda mikononi. Aliniona akasema, "Shikamoo, dada." Niliitikia nikiwa natazama chini. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno, na bahasha pia. Alichouliza kwanza ni: "Mligunduaje?" Nikamweleza kuhusu tangi, sauti ya hewa, kitundu. Alisikiliza kwa makini ya mtu wa kazi. "Ningejua nisingehangaika na pampu," akasema. "Nilidhani labda nilikosea kuweka gasketi. Usiku nilikuwa nairudia kichwani, bolti kwa bolti." Simu, alisema bila kuulizwa, kaka yake alimtumia kutoka Kahama. Kumbe hata simu aliona nilivyoiangalia.

Nikampa bahasha. Aliishika bila kuifungua.

"Umewaambia?" akauliza.

"Nimempigia fundi simu."

"Si fundi. Wale." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Yule aliyekaa kwenye tairi. Fundi wa rangi. Mama wa chai na binti yake. Dereva wa Noah nyeupe. Vijana wawili wa bodaboda. Na mzee aliyeleta trekta, ambaye ni rafiki wa baba yake. Wanane. Mimi nilimkumbuka mmoja.

Kitundu kwenye mfuniko mpya nilikitoboa mwenyewe, kwa msumari wa moto, na gari halijazima tena. Jumamosi nikiwa sina kipindi huwa nalitumia kuwatafuta. Mama wa chai alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niseme tena, binti yake alikuwa ameinama jikoni hakusikia vizuri. Nimeshawafikia watano. Dereva wa Noah amehamia Shelui. Mzee wa trekta anajua ninachokuja kusema, nimeambiwa, na mara mbili nimekuta mlango umefungwa.