Je, Mfiwa Anayelia Mwaka Mzima Amepungukiwa Imani?



Msiba ukitokea nyumbani, sisi tulioko huku Marekani tunajua la kufanya. Simu inaingia usiku wa manane, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, mchango unakusanywa, na fedha za jeneza zinatumwa kabla ya Jumapili. Mazishi tunayatazama kwenye simu. Jumatatu tuko kazini.

Kinachokosekana ni kukaa. Nyumbani watu wanalala msibani, akina mama wanapika, habari za marehemu zinasimuliwa tena na tena mpaka siku ya kuanua matanga. Hakuna anayeiita tiba, lakini sisi wauguzi tunaiona kuwa ni tiba: mtu anapewa ruhusa ya kulia, na anasikilizwa akirudia jambo lile lile mara ya kumi. Huku, sheria ya serikali kuu haimlazimishi mwajiri kumlipa mtu hata siku moja ya msiba.

Basi huzuni inatafuta mlango mwingine. Mtu anakuja na maumivu ya kifua, halali, vipimo vinatoka safi. Tukimuuliza ni nani amefariki, ndipo machozi yanapomtoka.

Wapo kati yetu wanaosema kwamba anayelia baada ya miezi mingi ana imani haba, na kwamba kwenda kwa mshauri nasaha ni kuacha maombi. Hatukubaliani nao. Yesu alilia penye kaburi la Lazaro, naye alijua kwamba punde atamfufua. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Nao rafiki za Ayubu walifanya vema siku zile saba walizokaa naye chini kimya. Waliharibu walipoanza kueleza. (Sisi wepesi wa kusema "kazi ya Mungu haina makosa" tuwakumbuke hao.)

Mshauri hamsahaulishi mtu marehemu wake. Wala hapimi mfiwa amefika hatua ya ngapi: zile hatua tano zinazotajwa sana, Dkt. Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokaribia kufa, si kama ratiba ya wafiwa. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo analia, kesho anashughulikia bili na watoto, na yote mawili yanahitajika. Anayefanya zamu mbili kila siku ili asikumbuke amebaki upande mmoja tu.

Kuna maneno ambayo mfiwa hawezi kuyasema kwenye kikundi. Kwamba makaratasi hayakumruhusu kusafiri, na hakumzika mama yake. Kwamba walikuwa hawaongei. Kwamba baada ya ugonjwa mrefu alisikia nafuu kidogo, na nafuu hiyo inamtesa. Na tuseme ukweli, kwetu siri haikai. Mshauri anafungwa na sheria kuitunza, isipokuwa katika hali chache, kama vile maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Wafiwa wengi hupata nafuu polepole bila mtaalamu. Lakini tangu 2022 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani unatambua huzuni ya kufiwa isiyolegea: mtu mzima ambaye baada ya mwaka bado, karibu kila siku, anamlilia marehemu kiasi cha kushindwa kuendelea na maisha. Huyo anahitaji matibabu, kama mwenye presha anavyoyahitaji. Na anayetamani kumfuata marehemu asisubiri mwaka: apige 988 leo, aombe mkalimani wa Kiswahili.

Kama mpendwa wenu alifia chini ya huduma ya hospisi, ulizeni huko kwanza. Hospisi zinazolipwa na Medicare zinatakiwa kuwahudumia wafiwa hadi mwaka mmoja baada ya kifo. Anayeogopa kwenda peke yake siku ya kwanza atuone baada ya ibada. Mmoja wetu atampeleka na kumsubiri nje.