Maji Twahara, Maji ya Kunywa: Amana Yetu kwa Wavuvi wa Tanganyika

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada, naiusia nafsi yangu kwanza kisha nawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu. Kutoka Bujumbura kwenda Rumonge hadi Nyanza-Lac, mwambao wa Ziwa Tanganyika umejaa vijiji vya wavuvi, na wengi wao ni Waislamu wenzetu. Ndagala na mikeke tunayokula sisi hapa mjini imetoka mikononi mwao. Kipindupindu nacho kimekuwa kikirudi mwambao huo kwa miongo mingi. Sisi tunaosoma namna kinavyoenea tuna amana yao shingoni.

Ukimwambia mvuvi asinywe maji ya ziwa, anaweza kukuuliza: "Maji haya tunatawadhia, ni twahara. Vipi tena yatuletee maradhi?" Usicheke. Ni swali la mtu aliyekaa madrasa akafahamu, na bango la kituo cha afya halina jibu lake. Jibu linatakiwa kutoka kwetu.

Twahara ni hukumu ya ibada. Wanachuoni wetu waliangalia rangi, ladha na harufu: maji mengi yasiyobadilishwa na najisi yanabaki twahara. Vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu, na Tanganyika ni ziwa la maji maangavu mno, jambo linalozidi kumdanganya mtu. Mkumbushe mvuvi ile hadithi ya watu wa baharini waliomwendea Mtume (s.a.w.). Walikuwa wakisafiri na maji kidogo, na wakiyatawadhia watapata kiu, basi wakauliza kama wanaweza kutawadha kwa maji ya bahari. Akawajibu kwamba maji ya bahari ni twahara na mfu wake ni halali. Tazama: ndani ya chombo kimoja kuna maji ya kutawadhia na maji ya kunywa, na hakuna aliyeyachanganya. Hakuna aliyekunywa ya bahari kwa kuwa ni twahara. Mvuvi ataielewa hadithi hii kuliko mimi na wewe, kwa sababu ni habari ya watu wa kazi yake.

Na wakati wa mlipuko, kusukutua kwa maji ya ziwa kuna hatari pia. Hapo tutumie maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, hata kwa udhu. Mtu atasema kuni ni ghali, na ni kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani maji yasiyofika lita. Sisi tunaofungua bomba likamwagika mpaka tumalize kuosha miguu, tusiende kumfundisha mtu kubana maji kabla hatujajifunza wenyewe.

Mgonjwa wa kipindupindu huharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na anaweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Anywe tangu dakika ya kwanza: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Aendelee kunywa njiani akipelekwa kituoni. Mtoto asiachishwe ziwa la mama.

Sasa niseme linaloniuma. Wapo wanaokwenda vijijini wakiuita huu "ugonjwa wa uchafu". Neno hilo likishatamkwa, familia itamficha mgonjwa ndani kwa aibu, na atakufa humo. Mtume (s.a.w.) amemhesabu anayekufa kwa maradhi ya tumbo miongoni mwa mashahidi, pamoja na anayezama majini. Vipi tumwaibishe ambaye Mtume amempa heshima hiyo? Ni kweli ametuonya pia tusijisaidie penye maji watu wanapoteka, na onyo hilo tulifikishe. Ila kijiji kisicho na choo hata kimoja kinahitaji watu wa kushika majembe kabla ya khutba.

Na maiti. Kuosha maiti wa kipindupindu ni hatari kubwa, kwa kuwa kinachotoka mwilini kimejaa vijidudu, na desturi yetu ya kulibinya tumbo inakitoa. Waoshaji wawe wachache, wavae glavu, watumie maji ya klorini, wasibinye tumbo, na wafuate maelekezo ya watu wa afya. Ikishindikana kabisa kuosha, sheria yetu imeweka tayamamu. Chakula cha matanga kisipikwe na mikono iliyoosha maiti. Haya mazungumzeni na imamu wa kijiji kabla ya msiba. Msiba ukishaingia nani atakusikiliza?

Dada zetu, ninyi mna mlango tusio nao sisi. Wanaoteka maji na kuanika ndagala mchangani ni akina mama, na wataongea nanyi.

Mtauliza twende lini. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mchana wavuvi wamelala. Mbalamwezi ikikolea samaki hawazifuati taa, na mitumbwi mingi hupumzika. Hizo ndizo tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, siku nyeupe ambazo ni sunna kufunga. Twende siku hizo tukiwa tumefunga, tufuturu nao, na maji ya kufuturia tuyachemshe pamoja nao.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.