Maarifa ya Mapishi Ni Mali ya Nani?

Leo nataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laonekana dogo, bali mimi limeninyima usingizi siku kadhaa, maana liliulizwa na bibi mzee asiyejua kusoma, na sisi tuliosoma tukakosa la kumjibu.

Wanafunzi wanane wa shule yetu hapa Mwanza walipewa kazi katika somo la biashara: waanzishe biashara ndogo, waweke hesabu zake, na mwisho waonyeshe faida au hasara. Wengine waliuza sabuni, wengine walifuga kuku. Hawa wanane walikata shauri kutoa gazeti dogo la vyakula vya pwani ya Ziwa Viktoria. Shauri lao lilinipendeza sana. Basi wakaenda huku na huko kutafuta maarifa. Wakavuka daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, wakafika hata vijiji vya Sengerema. Wakaketi jikoni na wanawake, wakauliza namna ya kuanika dagaa bila kuwatia mchanga. Namna ya kukata viazi vibichi na kuvianika viwe michembe, na namna ya kuvichemsha kwanza, ndipo vianikwe viwe matobolwa. Tena namna ya kutengeneza udaga, yaani muhogo uliolowekwa, ukaanikwa, ukatwangwa uwe unga wa ugali. Wanawake watano waliwafundisha, wala hapana hata mmoja aliyedai senti.

Gazeti likatoka, kurasa 16, nakala 100. Wakaniletea daftari yao ya hesabu: karatasi, wino, nauli, pini za kubania, jumla shilingi 90,000. Bei ya nakala moja shilingi 1,500. Wakiziuza zote watapata shilingi 150,000, na faida yao itakuwa shilingi 60,000. Niliikagua hesabu, nikaiona haina kosa, nikaitia alama nzuri. Nalisoma gazeti lenyewe pia, nikalisifu mbele ya darasa.

Hata siku moja wakarudi Sengerema kuuza. Wakamwendea bibi mmoja aliyewafundisha habari za udaga, wakamwamkia, wakamwambia, "Bibi, gazeti letu limetoka, bei yake ni shilingi 1,500." Akawajibu, "Vema, wajukuu zangu, nisomeeni kwanza." Wakamsomea ukurasa wa udaga tangu mwanzo hata mwisho. Akanyamaza kitambo, kisha akanena, "Haya ni maneno yangu. Mbona mwaniuzia maneno yangu?" Kabla hawajajibu akauliza tena, "Na siku nilizowahesabia, mmezipeleka wapi?"

Maana yule bibi aliwaambia ya kuwa muhogo mchungu hukaa majini siku nne, na wakati wa baridi siku tano, mpaka ulainike kabisa mkononi, ndipo uanikwe hata ukauke. Lakini ukurasa ulikuwa umejaa, na picha ya ziwa ilitaka nafasi yake, basi wale watoto wakafupisha, wakaandika tu, "Loweka muhogo, kisha uuanike." Na mimi mwalimu wao niliyasoma maneno hayo, nisione upungufu wo wote.

Wasomaji, mjue ya kuwa upungufu ule haukuwa wa mchezo. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi, na kazi ile ya kuloweka na kuanika ndiyo iitoayo. Mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, ulizuka ugonjwa uitwao konzo. Jina hili latoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Kwa kuwa mgonjwa hupooza miguu kwa ghafula, asirudi tena kutembea kama kwanza. Nao huwapata hasa watoto na wanawake. Waganga walipochunguza waliona ya kuwa ukame ulikuwa umeleta njaa, watu wakategemea muhogo mchungu, na kwa haraka ya njaa wakafupisha siku za kuutengeneza. Basi siku zile ambazo sisi tulizifuta ili picha ipate nafasi ndizo zimlindazo mlaji. Na wakati bibi alipouliza, nakala 31 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Maswali ya bibi ni mawili: la kwanza lahusu haki, la pili lahusu kweli. Mwanzo niliyatenga, nikaona la pili ndilo zito, na la kwanza ni la heshima tu. Sasa naona ya kuwa ni swali moja, nami nitajaribu kuonyesha sababu.

Kwanza tuwape wanafunzi haki yao. Si jambo jipya wala si aibu kwa wanafunzi kutoa gazeti. Mwaka 1888 wanafunzi wa chuo cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani, Unguja, walianza kutoa gazeti la Msimulizi. Tena Tanga, wakati wa Wadachi, shule ya serikali ilitoa Kiongozi tangu mwaka 1904, nalo lilipigwa chapa papo hapo shuleni. Na faida nayo si dhambi. Aliyekwenda kwa miguu, akauliza, akaandika, akalipa mwenye mashine, ametoa jasho lake, na mtenda kazi astahili ujira. Lakini magazeti yale ya zamani yaliletewa habari na watu wa mahali mbalimbali, nao walijua wazi ya kuwa wanaliandikia gazeti. Bibi yetu hakujua. Yeye alidhani anafundisha watoto wa watu waliokuja jikoni kwake, kama alivyofundishwa yeye.

Hapa mwanafunzi mmoja, mwenye akili nyepesi ya kujadiliana, aliniambia hivi: "Mwalimu, maarifa ni kama moto. Jirani akija kuomba moto, nampa kaa moja, na moto wangu haupungui. Bibi hakupungukiwa na kitu. Tena hakuvumbua udaga yeye; watu walikuwa wakiula kabla hajazaliwa. Twamdai nani ruhusa?" Akaongeza ya kuwa sheria haimkatazi. Na kweli, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya mwandishi, wala hailindi wazo tupu au njia ya kufanya jambo. Kwa sheria, gazeti ni mali ya wanafunzi, na bibi hana sehemu yake.

Maneno haya yana nguvu, wala siyadharau. Lakini tuufuate mfano wake mpaka mwisho. Jirani aombaye moto aende kupikia watoto wake, hapana amlaumuye. Je, akilichukua kaa lile akalipeleka sokoni kuliuza, kisha jioni, moto wako umezimika, akupitie mlangoni akuuzie kaa la moto ule ule? Hakukuibia, maana ulimpa kwa mkono wako. Hata hivyo moyo wako utajua ya kuwa umetendwa vibaya. Kwa nini? Kwa sababu ulimpa kama jirani, naye amekugeuza mnunuzi bila kukuambia. Kosa liko katika kuubadili ujirani kuwa biashara upande mmoja, na upande wa pili haujui.

Tena kuhusu neno lile ya kuwa bibi hakuvumbua udaga, nakubali. Aliyevumbua hatumjui wala hatutamjua kamwe. Lakini deni letu si kwa mvumbuzi tu. Mtoto humheshimu mwalimu aliyemfundisha kusoma, ingawa mwalimu huyo hakuvumbua herufi hata moja. Yule anifundishaye ametoa siku yake, na uangalifu wake, na makosa aliyoyafanya zamani ili mimi nisiyafanye. Siku nne, na wakati wa baridi siku tano: maarifa haya hakuyaokota njiani. Methali yatuambia, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nataka kuonyesha jambo jingine ambalo watu wa Mwanza walilionja wenyewe. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, mtu wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, juu ya samaki aitwaye sangara, ambaye minofu yake husafirishwa Ulaya, na vichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki hapa yakakaangwa. Filamu ikasifiwa sana katika nchi za mbali. Na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailaumu hadharani, akasema ya kuwa imeiaibisha nchi. Wengine wakaitetea. Mimi sitaki kuwaamua. Nataka tu kuonyesha ya kuwa habari za chakula si habari za chungu na kuni peke yake. Ukiandika chakula cha mtu, umeandika na heshima yake.

Hata wanafunzi wetu walishindana juu ya mapanki. Mmoja alitaka yaachwe kabisa, maana aliona haya wageni wasije wakatucheka. Mwingine alitaka yawekwe ukurasa wa kwanza, maana mambo ya ajabu huuza gazeti. Huyu alitaka kuficha, na yule alitaka kushangaza. Wote wawili waliwaza juu ya mnunuzi, wala hapana aliyewaza kumwuliza mama akaangaye mapanki kila jioni, kwamba yeye ayasema namna gani. Baadaye walimwuliza. Aliwaambia ya kuwa supu yake ni nzuri, ya kuwa wateja wake ni watu wa kazi, na ya kuwa asiyekuwa na fedha ya minofu naye ana tumbo. Wakayaandika maneno hayo kama yalivyo, nayo hayakuficha wala hayakuaibisha.

Sasa narudi kwenye neno langu ya kuwa swali la haki na swali la kweli ni moja. Kama wanafunzi wangalimhesabu bibi kuwa mwenye sehemu katika gazeti, wangalirudi kwake kumsomea kabla ya kupiga chapa, naye angaliziona siku zilizopotea kabla hazijampotea mtu mwingine. Hawakurudi, kwa kuwa katika daftari ile niliyoisifu jina lake halikuwamo. Karatasi ilikuwamo, wino ulikuwamo, hata pini zilikuwamo. Aliyetoa maarifa hakuandikwa popote, na kwa hiyo hapana aliyekumbuka kumwuliza kama maarifa yake yameandikwa sawasawa. Ukimsahau mwalimu wako katika hesabu, ni rahisi kumsahau katika kweli pia.

Basi yawapasa nini wale watakao kuuza maandishi ya mapishi, wawe wanafunzi au watu wazima? Naona mambo manne. Waseme mapema ya kuwa wanakuja kwa biashara, ili mtu atoe au akatae akijua. Wamsomee aliyewafundisha kabla ya kupiga chapa. Wamtaje jina kama apenda, na kama hapendi wamwache. Katika wale watano mmoja alikataa kutajwa, nayo ni haki yake. Na faida ikipatikana, wamgawie kadiri, maana kizuri kula na nduguyo. Mtu aweza kusema ya kuwa kwa njia hii biashara haitaendelea. Lakini tuhesabu. Ukurasa wa udaga ulipigwa chapa upya kwa shilingi 10,000, na faida ikashuka kuwa shilingi 50,000. Wanafunzi wakakata shauri kuigawa nusu kwa nusu: 25,000 zao, na 25,000 za wanawake watano, shilingi 5,000 kila mmoja. Biashara haikufa, nao wameuliza kama waweza kutoa gazeti la pili.

Yule bibi alipoletewa sehemu yake alizipokea fedha, akataka jambo moja zaidi: iandikwe ya kuwa yeye naye alifundishwa na mama yake. Nikaona ya kuwa amelielewa jambo hili kuliko sisi, maana deni aliloliona kwetu alilijua na kwake mwenyewe.

Nakala zile 31 zilizouzwa na kosa tumezitafuta nyumba kwa nyumba, tukazisahihisha 28. Tatu hatujaziona mpaka leo. Ndiyo sababu nimeandika haya hapa, ingawa ni kuitangaza aibu yangu. Msomaji, ukilikuta gazeti dogo la vyakula vya ziwa, na katika habari za udaga huoni hesabu ya siku, nakuomba uandike kwa mkono wako pembeni: siku nne majini, wakati wa baridi siku tano, mpaka ulainike kabisa, kisha uanikwe hata ukauke.

Wasalaam.
Mimi mwalimu, Mwanza.